Nyimbo zavuka Ziwa Mweru, malipo yabaki ng'ambo

Safari ya makundi ya kwanza ya wanawake wa hip hop ina funzo kwa wasichana wa Nchelenge na Kilwa

NCHELENGE, Zambia

Chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, wana mwenyewe tangu wanapotoka majini. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani kwenye fukwe za Kashikishi, hutiwa magunia na kupelekwa Copperbelt au Katanga. Mwenye gunia anajua bei yake kwa kwacha na anaijua kwa faranga ya Kongo.

Wimbo hauna bahati hiyo. Huvuka maji yaleyale ndani ya simu na kadi za kumbukumbu, ukapigwa bandarini, kwenye basi na harusini, na hakuna anayeuliza mwenyewe ni nani. Nyimbo za Lubumbashi husikika Nchelenge, za Lusaka husikika Kilwa ya Kongo, na zile za Dar es Salaam husikika pande zote mbili.

Wasichana watatu wa ufukwe huu wakiamua leo kuanzisha kundi la hip hop, wakachana mistari kwa Kibemba na Kiswahili na wimbo wao ukapendwa ng'ambo na ng'ambo, nini kitawapata? Jibu halihitaji ramli. Wapo waliowatangulia, na safari zao zinajulikana tangu walipoanza hadi makundi yalipovunjika. Kipaji hakikuwapungukia. Kilichowasumbua zaidi ni hesabu ya nani anamiliki nini.

Mpaka uliomo ndani ya maji

Mweru ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 5,000. Mto Luapula huingia kusini, na maji hutoka kaskazini kupitia mto Luvua, kwenye mji wa Pweto. Ufukwe wa mashariki ni wa Zambia, wa magharibi ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Tangu Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022, mpaka wa jumuiya hiyo umefika katikati ya ziwa hili. Mvuvi wa Kilwa ni raia wa nchi ya Afrika Mashariki. Mwenzake wa Nchelenge siye. Lakini wote wawili wamo SADC, na wote wamo COMESA, ambayo makao yake makuu yako Lusaka.

Lugha nazo hazikungoja mikutano. SADC iliamua mwezi Agosti 2019, mjini Dar es Salaam, kwamba Kiswahili kiwe lugha yake rasmi ya nne. Huku Mweru kilikuwa kimefika zamani. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi Novemba 1867, alimkuta huko mfanyabiashara aliyetoka pwani, Muhammad bin Salih. Leo Kibemba kinazungumzwa pande zote mbili za ziwa, na Kiswahili cha Katanga ni lugha ya soko na ya nyimbo upande wa Kongo. Mwaka 2018 serikali ya Zambia ilifungua makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wanawake na watoto. Kwa hiyo Kiswahili kinasikika pia ndani ya wilaya yenyewe.

Soko la wimbo wa lugha mbili, basi, lipo. Swali ni nani atakayevuna.

Columbia, 1979

Kundi la kwanza la wanawake wa hip hop kutoa santuri halikutoka New York, mji uliouzaa muziki huo. Lilitoka Columbia, mji wa jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Wasichana watatu waliosoma pamoja, Angie Brown, Cheryl Cook na Gwendolyn Chisolm, walijiita The Sequence.

Mwaka 1979 kundi la wanaume la Sugarhill Gang lilikuwa likivuma kwa "Rapper's Delight", wimbo ulioifikisha hip hop kwenye redio za dunia. Lilipofika Columbia kwa onyesho, wasichana hao walipenya hadi nyuma ya jukwaa na kuonyesha walichoweza mbele ya Sylvia Robinson, mwimbaji wa zamani aliyemiliki kampuni ya Sugar Hill pamoja na mumewe. Sylvia hakuhitaji kushawishiwa. Kabla ya mwaka kwisha, santuri yao "Funk You Up" ilikuwa madukani, nayo ikaingia kwenye orodha ya nyimbo 20 bora za muziki wa watu weusi nchini humo. Angie alikuwa na umri wa miaka 17.

Walitoa albamu tatu, za mwaka 1980, 1982 na 1983. Hawakuwa wapambe wa mtu. Waliandika, waliimba na kuchana wenyewe, wakachanganya sauti za kwaya ya kanisani na mistari ya mtaani miaka mingi kabla mchanganyiko huo haujawa mtindo wa kila mtu. Kisha upepo ukageuka. Mashine za midundo zilichukua nafasi ya bendi, kampuni ikaanza kuyumba na hatimaye ikafungwa katikati ya miaka ya 1980. The Sequence ikazimika pamoja nayo.

Kundi lilizimika, lakini wimbo uliendelea kufanya kazi. Mwaka 1995 Dr. Dre aliutumia ndani ya "Keep Their Heads Ringin'". Mwaka 2003 Erykah Badu aliurudia kwa sura mpya, akimwalika Angie mwenyewe, ambaye wakati huo alijulikana kwa jina la Angie Stone, nyota wa muziki wa soul. Mwaka 2018 The Sequence walifungua kesi mahakamani wakidai kwamba "Uptown Funk", wimbo wa mwaka 2014 wa Mark Ronson na Bruno Mars uliouzwa dunia nzima, ulichota kutoka kwao.

Miaka karibu 40 ilikuwa imepita tangu warekodi, na bado walikuwa wakisaka haki yao kwa mawakili. Angie Stone alikufa katika ajali ya barabarani Alabama Machi 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 63, akirejea kutoka kutumbuiza. Katika siku zake za mwisho alikuwa amelalamika hadharani kwamba mirabaha ya kazi zake haimfikii.

Waliofuata walifanikiwa zaidi, lakini hesabu iliwafuata nao pia. Salt-N-Pepa, wa mtaa wa Queens, New York, walianza kurekodi mwaka 1985, wakauza mamilioni ya albamu na kushinda tuzo ya Grammy mwaka 1995. Miaka 30 baada ya ushindi huo, mwezi Mei 2025, walikwenda mahakamani kuidai kampuni ya muziki umiliki wa rekodi zao za mwanzo.

Cape Town, 2000

Karibu zaidi na Mweru, ndani ya SADC yenyewe, kuna Godessa.

Cape Town ina moja ya historia ndefu za hip hop barani Afrika. Ilikua katika Cape Flats, tambarare yenye upepo na mchanga ambako serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamishia kwa nguvu watu iliowaita machotara na Waafrika, ikitumia sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi. Huko ndiko makundi ya Black Noise na Prophets of da City yalikojifunza kusema yaliyokatazwa. Prophets walitoa albamu mwaka 1990, na ile ya mwaka 1993 ikapigwa marufuku redioni.

Hao wote walikuwa wanaume. Mwaka 2000 wasichana watatu wa jiji hilo waliungana: EJ von Lyrik, Burni Aman na Shameema Williams. Mwaka 2002 walitoa "Social Ills", wimbo unaokemea ibada ya nguo za chapa na maisha ya kuigiza, wakawa kundi la kwanza la wanawake wa hip hop Afrika Kusini kupata mkataba wa kurekodi. Albamu yao, "Spillage", ilifuata mwaka 2004. Walipanda majukwaa ya nyumbani na ya Ulaya.

Mambo mawili ya Godessa yanafaa kutazamwa kutoka Nchelenge. La kwanza ni lugha. Walichana kwa Kiingereza na kwa Kiafrikana cha mtaani kwao, lugha iliyodharauliwa na wenye Kiafrikana cha shuleni. Hawakuificha ili wakubalike; ndiyo iliyowatambulisha. Kiswahili cha Katanga nacho huchekwa na wanaojiona wenye Kiswahili sanifu, lakini mistari inayogusa watu wa Kilwa na Mantapala itatoka humo, au itatoka katika Kibemba, au katika vyote viwili kwa pamoja.

La pili ni redio. Hip hop ya Cape Town ilipata hifadhi Bush Radio, kituo cha jamii kilichoanza kurusha matangazo bila kibali mwaka 1993 na kupewa leseni mwaka 1995. Kituo hicho kiliwapa vijana kipaza sauti, kikawafundisha na kuwakutanisha. Kabla ya kampuni ya kurekodi, palikuwa na chumba na mtu wa kuwafungulia mlango.

Mwishoni mwa muongo huo Godessa walikuwa wameachana. EJ na Burni waliendelea kama wasanii wa kujitegemea, Burni akiwa Uswisi. Albamu moja ndiyo iliyobaki ya kundi lililofungua njia kwa nchi nzima. Ada ya onyesho ikigawanywa kwa watu watatu, ikatolewa nauli na sehemu ya meneja, kinachobaki ni kidogo sana kumshika mtu anayekaribia miaka 30 na mwenye familia ya kutunza.

Kwa nini makundi ni machache

Afrika Mashariki ina wanawake wengi waliotamba katika hip hop, lakini ukihesabu makundi yao vidole vinabaki. Kenya ilimpata Nazizi, aliyeanza akiwa binti mdogo na kuvuma na Necessary Noize, akiwa msichana peke yake kati ya wanaume. Baadaye yeye na Wyre waliungana na Bebe Cool wa Uganda katika East African Bashment Crew, mfano mzuri wa muziki uliotangulia siasa za ujirani. Tanzania ilikuwa na Zay B na Sista P mwanzoni mwa miaka ya 2000; badala ya kuwaona kama nguvu mbili, mashabiki na vyombo vya habari viliwashindanisha kana kwamba nafasi ya mwanamke ni moja tu. Witness alitokea katika Wakilisha, kundi la watu watatu lililozaliwa na shindano la mwaka 2004, pamoja na Langa na Shaa. Zambia ina Cleo Ice Queen na Bombshell Grenade, kila mmoja kwa jina lake.

Mara nyingi sura ni moja: mwanamke yuko peke yake, au yuko kati ya wanaume. Sababu haziko mbali. Studio nyingi hufanya kazi usiku, na mzazi anayemruhusu kijana wa kiume kulala huko hamruhusu binti. Prodyuza, mpiga picha, mwenye ukumbi na mtangazaji mara nyingi ni wanaume. Tena mdhamini huona nafuu kulipa nauli ya mtu mmoja kuliko ya watatu.

Hata hivyo kundi lina kitu ambacho msanii wa peke yake hana. Watatu wanasindikizana kwenda studio. Watatu wanashuhudia kilichoahidiwa mezani. Kwa msichana wa wilaya iliyo mbali na Lusaka, ulinzi huo si jambo dogo.

Urithi wa Luapula

Wasichana hao hawataanzia hewani. Luapula ndiyo nyumbani kwa kalindula, muziki uliopewa jina la gitaa la besi la kutengenezwa kwa mkono. Katika miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, na agizo hilo likawapa nafasi wapiga kalindula wa vijijini ambao redio isingewatafuta. Hakuna aliyehitaji kuomba msamaha kwa kuimba Kibemba.

Sanaa ya maneno ya wanawake ina chuo chake cha zamani zaidi. Katika chisungu, jando la wasichana la Wabemba na majirani zao, mafunzo hutolewa kwa nyimbo, vitendawili na sanamu za udongo, chini ya wanawake wazoefu waitwao banacimbusa. Mtaalamu wa Kiingereza, Audrey Richards, aliishuhudia sherehe hiyo mwaka 1931 na kuiandikia kitabu mwaka 1956. Mistari mifupi yenye maana mbili, inayorudiwa mpaka ikae kichwani, haikuletwa huku na kanda za Marekani.

Na jukwaa lipo. Kila mwishoni mwa Julai maelfu ya watu hukusanyika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata Kazembe mwenyewe hucheza mbele ya watu wake. Kuna pia miezi mitatu, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ili samaki wazaliane. Ni msimu wa njaa ya mfukoni, lakini pia ni msimu ambao vijana wana muda.

Pesa hukwama wapi

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, na mwenyewe ni aliyeutunga. Ya pili ni rekodi asilia iliyotoka studio, na mwenyewe kwa kawaida ni aliyeigharimia, isipokuwa mkataba useme vingine. Ndiyo maana msanii anaweza kuusikia wimbo wake kila siku huku rekodi ikiwa mali ya mtu mwingine.

Mirabaha ya utunzi hukusanywa na vyama au ofisi za hakimiliki: ZAMCOPS kwa Zambia, SOCODA kwa Kongo, SAMRO kwa Afrika Kusini. Vyama vya aina hii hushirikiana kwa mikataba ya kuwakilishana, kila kimoja kikikusanya kwa niaba ya wanachama wa mwenzake. Kwa hiyo njia ya kuvusha pesa ipo. Lakini ili pesa itembee, wimbo lazima uwe umesajiliwa, kituo cha redio kiwe kimeandika kwamba kiliupiga, na kituo hicho kiwe kimelipa ada. Kikikosekana kimoja, njia hukatika. Wimbo unaogawiwa simu kwa simu kwenye mashua hauingii katika orodha yoyote.

Mikataba ya kikanda haikosekani. SADC ina Itifaki ya Utamaduni, Habari na Michezo iliyotiwa saini Blantyre mwaka 2001. Umoja wa Afrika ulipitisha mwezi Februari 2023 itifaki ya haki miliki chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika. COMESA ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani. Utaratibu huo ni wa bidhaa zinazobebwa kichwani au kwenye baiskeli. Mwenye wimbo hana fomu ya ukurasa mmoja ya kujaza bandarini, ingawa bidhaa yake huvuka mara nyingi kuliko gunia.

Hapo ndipo mtangamano unapopimwa. Wakuu wa nchi wakishakubaliana kwamba Kiswahili ni lugha yao, anayekitumia kutunga anastahili kulipwa kazi yake inapotumika, awe mzaliwa wa Kashikishi au wa Kilwa.

Kabla ya kuingia studio

Wakati serikali zikijipanga, kuna mambo ambayo kundi la wasichana linaweza kuyafanya bila kusubiri kikao, na yote yanatokana na yaliyowapata waliotangulia.

Kwanza ni karatasi ya mgawanyo. Siku wimbo unapokamilika, kabla haujampendeza mtu yeyote, kila aliyetunga aandikwe jina na asilimia yake, prodyuza akiwemo, na wote watie saini. Ni rahisi kugawana wakati hakuna cha kugombea.

Pili ni jina la kundi. Waandike ni la nani, na mmoja akiondoka kwa ndoa, masomo au ugomvi, atakuwa na haki gani.

Tatu ni rekodi asilia. Anayewalipia studio aandike kama amewakopesha, amewafadhili au amenunua. Maneno haya matatu yana tofauti kubwa, na ikiachwa bila kuandikwa, mwenye fedha ndiye atakayeitafsiri.

Nne ni usajili. Watunzi walioko Zambia wajiunge na ZAMCOPS. Aliyeko Kilwa ajiunge na SOCODA. Kundi lenye watu wa pande zote mbili lihakikishe wimbo mmoja umeandikwa kwa jina lilelile na mgawanyo uleule kote kuwili, la sivyo pesa itakwama kwa tofauti ya herufi.

Tano ni redio za jamii. Mtangazaji anayeandika jina la wimbo na la mtunzi kwenye daftari lake amemsaidia msanii kuliko anayemsifu hewani kwa dakika kumi.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, kalamu na mtu mzima mmoja mwenye subira, mwalimu au banacimbusa, wa kukaa mezani nao. Wasichana wa Columbia walikuwa na sauti na ujasiri wa kupenya hadi nyuma ya jukwaa. Karatasi waliianza kuchelewa, na ikawagharimu miaka 40.